Zoezi la dharura kwenye meli za kitalii: hili la kutazama kwenye simu linatosha kweli?

Sitaha ya Nane (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nina jambo linanikereketa tangu nishuke melini wiki mbili zilizopita. Nimeona nilimwage hapa kwa sababu najua humu wamo waliofanya kazi baharini na wamo wasafiri wazoefu.

Safari yangu ya kwanza kwenye meli ya kitalii ilikuwa kabla ya corona. Wakati ule, meli ikiwa bado gatini, honi ililia mara saba fupi na ya nane ndefu, baa zikafungwa, bwawa likafungwa, na sote kwa maelfu tukateremka ngazi hadi kituo cha kukusanyikia, chini ya boti za kuokolea. Tukapangwa mistari. Jua linachoma, mtoto wa nyuma yangu analia, baharia anaita namba za vyumba mpaka sauti inamkauka. Ilikuwa kama paredi ya shule. Nililalamika sana siku ile, nakiri.

Safari hii nilifungua programu ya meli nikiwa kwenye foleni ya kupanda. Kuna video fupi: jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea, mlio wa honi, kituo chako ni namba fulani. Niliiacha ijiendeshe huku nimezima sauti, naongea na jamaa wa mbele yangu. Nilipoingia ndani nikapita kituoni, binti mmoja akaskani kadi yangu, akaniuliza kama nimetazama video, nikamwambia ndiyo, akanikaribisha melini. Dakika moja haikuisha. Mke wangu vilevile.

Siku ya tatu tunatoka ukumbi wa maonyesho, mke wangu akanichokoza: "Haya, honi imelia sasa hivi. Nipeleke kituoni." Nikajitia kujua. Tukashuka, tukapanda, tukafuata ujia mrefu ulioishia kwenye mlango wa jiko. Dakika kumi na moja mpaka tukakiona kituo, na hapo taa zote zinawaka, meli imetulia kama meza, na hakuna mtu anayetusukuma. Pale pale tulicheka. Usiku kitandani sikucheka.

Nauliza: lile zoezi la zamani lilikuwa usumbufu tu tulioufurahia kuondokana nao, au kuna kitu tumekitupa bila kukijua?

Kiti cha Dirishani

Nimeleta mkeka, nakaa hapa. Mkuu, hiyo ya mlango wa jiko ungeisema mapema, ningekuagiza chochote.

Chaki na Ubao

Mimi nipo upande wa video, na nitatoa sababu kama mwalimu.

Zoezi la zamani lilikuwa somo baya. Darasa la watu mia mbili wamesimama, mwalimu yuko mbali, kipaza sauti kinakoroma, nusu ya wanafunzi hawajui lugha anayosema, na wote wanafikiria chakula. Ungenifundisha hesabu hivyo ningefeli, na nilipenda hesabu. Video unaitazama chumbani umekaa, unachagua lugha yako, unarudia pale ulipopitwa. Asiyesikia anasoma maandishi. Bibi wa miaka themanini hasimamishwi dakika arobaini kwenye joto.

Halafu tuseme ukweli, Sitaha ya Nane. Wewe umezima sauti. Hilo si kosa la video. Hata kwenye paredi ile ya kwanza nina hakika hukusikiliza.

Sitaha ya Nane

Sikusikiliza, dada. Lakini miguu yangu ilipelekwa kituoni kutoka chumbani nipende nisipende. Ndicho ninachojaribu kukisema.

Bodi la Kale

Nimekaa kwenye hizi meli miaka tisa, idara ya mgahawa. Nilishuka mara ya mwisho mwaka wa 2022, kwa hiyo nimefanya mazoezi ya aina zote mbili. Samahanini, nitaandika kwa urefu.

Tuanze na sheria. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ambao mabaharia wote wanauita SOLAS, ulizaliwa 1914 kwa sababu ya Titanic. Watu wanakumbuka kwamba Titanic ilikuwa na boti chache, nafasi 1,178 kwa watu zaidi ya 2,200. Wasichokumbuka ni kwamba hata hizo chache hazikujaa. Boti ya kwanza kuteremshwa ilikuwa na watu wasiofika 30, na ingebeba 65. Abiria hawakuwa wamefanyishwa zoezi lolote, hawakuamini kwamba meli kubwa yenye joto na taa ni ya kukimbiwa, na mabaharia wenyewe hawakuwa wamezoea kupanga watu. Kwa hiyo zoezi ni suala la vifaa, na ni suala la kuamini vilevile.

Sheria tuliyoikuta sisi ilisema abiria wapya wafanyishwe zoezi ndani ya saa 24 tangu wapande. Maana yake meli ingeweza kulala usiku mzima baharini na watu wasiojua kituo chao. Ndivyo ilivyokuwa kwa meli ya Costa Concordia, iliyogonga mwamba tarehe 13 Januari 2012, kwenye kisiwa cha Giglio, Italia. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda siku ile ile pale Civitavecchia, na zoezi lao lilipangwa kesho yake. Kesho haikufika. Walikufa watu 32. Kampuni za meli zikaamua zenyewe mwaka ule ule kwamba zoezi lifanyike kabla ya kuondoka, na SOLAS ikarekebishwa: kuanzia 1 Januari 2015 zoezi ni kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Video imeingia na corona. Watu wa kampuni ya meli ya Royal Caribbean walitangaza mfumo wao Julai 2020, wakauita Muster 2.0, wakawaruhusu na wengine kuutumia. Kukusanya watu elfu tatu bega kwa bega lilikuwa jambo lisilowezekana wakati ule, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Corona ilipotulia mfumo ukabaki, ingawa zipo meli zilizorudi kwenye zoezi la zamani.

Sasa jibu langu kwako, Sitaha ya Nane. Watu wote wanaobishania hili wanamwongelea abiria: amesikia, hajasikia, amechoka. Hakuna anayemwongelea aliyekuwa akimfundisha. Lile zoezi lilikuwa letu sisi wafanyakazi kuliko lilivyokuwa lenu.

Yule anayekuletea supu jioni ana jukumu lake la dharura, limeandikwa kwenye orodha, na siku honi ikilia anaacha sinia anakwenda kusimama mahali alipopangiwa. Mimi jukumu langu lilikuwa ngazi. Nasimama kwenye kona kati ya sitaha mbili, nimevaa jaketi, naelekeza watu. Kazi ya kijinga ukiitazama. Lakini kwenye meli moja tuligundua jambo: abiria wa vyumba vya tezi, yaani nyuma ya meli, walikuwa na ngazi mbili zao, pana, tupu. Hawakuzitumia. Wote walikuja mpaka katikati ya meli kushukia ngazi kubwa ya ukumbini, kwa sababu ndiyo waliyopandia walipoingia. Mtu hukimbilia mlango alioingilia. Ngazi yangu ikajaa mpaka watu wakasimama kabisa, mzee mmoja akaanza kutetemeka magoti. Safari iliyofuata akawekwa mfanyakazi kwenye ujia wa tezi, kazi yake moja tu, kuwageuza. Msongamano ukaisha.

Niambieni, video ingetuonyesha lini hilo?

Kwenye mfumo mpya abiria wanapita kituoni mmoja mmoja, wawili wawili, kwa muda wa saa kadhaa. Tunaskani, tunatabasamu. Kijana aliyeajiriwa baada ya mfumo huu anaweza kumaliza mkataba wake wote bila kuwaona abiria wa kituo chake wamekaa pamoja hata mara moja. Mazoezi ya wafanyakazi yapo kila wiki, hayo hayajakatwa, lakini pale mnaokoana mabaharia kwa mabaharia, kila mtu anajua njia na hakuna anayelilia mtoto wake.

Kiti cha Dirishani

Kumbe supu ile inaletwa na kamanda wa ngazi. Heshima yako, mzee.

Hesabu Kali

Bodi la Kale nakuheshimu, umeandika vizuri, lakini hapo kwenye Concordia umeruka kitu. Meli iligonga mwamba saa 3:45 usiku. Amri ya kuiacha meli ilitoka inakaribia saa 5. Muda huo wote abiria walikuwa wanaambiwa ni hitilafu ya umeme. Wapo waliofika vituoni wakaambiwa warudi vyumbani. Ilipofika kuteremsha boti meli ilikuwa imelala ubavu, baadhi ya boti za upande ulioinuka zikawa hazishuki sawasawa.

Sasa hapo zoezi la abiria lingesaidia nini? Mtu angekuwa amefanya zoezi mara kumi na bado angekuwa amekaa chumbani kama alivyoambiwa. Kilichoua pale ni uamuzi uliochelewa, na mahakama ilimhukumu nahodha kifungo cha miaka 16. Tunalitumia jina la Concordia kutetea paredi, kumbe lilikuwa tatizo la usukani.

Bodi la Kale

Sikubishii. Zoezi halimponyi nahodha aliyeshikwa na butwaa.

Lakini itazame kwa upande huu. Amri inapochelewa, anayebaki na nafasi ya kuamua ni yule aliyeko sitahani, mhudumu, mpishi, msafisha vyumba. Tafuta habari za meli ya Oceanos, Agosti 1991, pwani ya Afrika Kusini. Maji yalikuwa yanaingia, nahodha aliondoka na helikopta abiria wangali ndani, na kazi kubwa ya kuwaondoa watu ikashikwa na wanamuziki na watumbuizaji wa meli. Mmoja wao alikwenda kwenye chumba cha usukani kuita msaada kwa redio. Watu wote 571 waliokolewa. Wote. Wanamuziki! Kilichowasaidia ni kwamba walikuwa wanaijua ile meli na walikuwa wamezoea kusimama mbele ya umati na kuutuliza. Umati haufundishwi kwa kuuwaza. Ndiyo maana nasema mtu lazima asimame mbele ya watu mia mbili walioudhika angalau mara moja kabla hajasimama mbele ya mia mbili walioogopa.

Chaki na Ubao

Hoja ya wafanyakazi sikuwa nimeifikiria, nakubali. Hata mimi siku yangu ya kwanza darasani niligundua kwamba maandalio yote ya chuoni hayana wanafunzi ndani yake.

Ila bado: mbona kwenye ndege tunaonyeshwa video na hakuna anayelia? Tarehe 2 Januari 2024 ndege ya Japan Airlines iliwaka moto uwanja wa Haneda baada ya kugongana na ndege nyingine njiani mwa kurukia. Watu 379 walitoka wote wakiwa hai. Walikuwa wameonyeshwa video tu.

Hesabu Kali

Dada, ndege na meli ni vitu viwili. Ndegeni umekaa, umefungwa mkanda, mlango unauona, na mhudumu anakuona wewe. Ndege haipewi kibali mpaka ionyeshe kwamba watu wanaweza kutoka kwa sekunde 90 hata nusu ya milango ikiwa imefungwa. Melini sheria inahesabu dakika 30 za kuteremsha boti, na hizo zinaanza kuhesabiwa watu wakishakusanyika na kuvaa majaketi. Huko kukusanyika kwenyewe ndiko kwenye kazi. Mmoja yuko bafuni, mwingine yuko sitaha ya juu kabisa anaogelea, mwingine amelala na vizibo masikioni.

Na hao 379 wa Haneda hawakuokolewa na video. Kipaza sauti cha ndege kilikuwa kimekufa, wahudumu wakapaza sauti na kutumia vipaza sauti vya mkononi, wakaamua wenyewe milango ipi ifunguliwe na ipi iachwe kwa sababu ya moto. Tumerudi kule kule kwa mzee wa ngazi.

Asali ya Nyuki

Mnasahau pesa wakuu. Zoezi la zamani lilikuwa linafunga baa, maduka na mgahawa kwa karibu saa nzima, tena siku ya kwanza ambapo watu wana kiu na pochi zimenona. Sasa hakuna kinachofungwa. Mnadhani video imebaki kwa ajili ya usalama?

Bodi la Kale

Asali, hilo lipo, nisiwadanganye. Lakini na abiria nao waliipenda. Nilikuwa nasoma zile karatasi za maoni, zoezi lilikuwa halikosi kwenye malalamiko.

Mama Mapacha

Naomba kuuliza, kwa wenye watoto inakuwaje? Nina wawili wa miaka sita, na kwenye meli nyingi watoto wanakuwa na sehemu yao ya kuchezea. Honi ikilia wako kule na mimi niko upande mwingine wa meli, nikimbilie wapi?

Bodi la Kale

Mama Mapacha, swali lako ni zuri kuliko yote humu. Meli nyingi huwavalisha watoto bangili yenye namba ya kituo. Wakiwa kwenye chumba cha michezo, wafanyakazi wa pale ndio wenye jukumu nao. Utaratibu wa kuwakutanisha na wazazi unatofautiana: kwingine watoto wanaletwa kituoni kwako, kwingine unawafuata wewe mahali palipotajwa. Kwa hiyo usisubiri video ikwambie. Siku ya kwanza unapowaandikisha, muulize yule mlezi: "Honi ikilia, wanangu nitawakuta wapi?" Asipojibu papo hapo, mwite mkubwa wake. Na ukishajibiwa usiende kinyume, maana mzazi anayepanda ngazi wakati wote wanashuka anaziba njia ya watu mia.

Mama Mapacha

Asante sana kaka. Mpaka hapo uzi umeshanilipa.

Wimbi la Pili

Mie naona mazoezi yenyewe ni hatari. Kuna wafanyakazi watano walikufa kisiwa cha La Palma mwaka 2013 kwenye zoezi la boti, waya ulikatika boti ikaanguka nao. Meli inaitwa Thomson Majesty. Bora video.

Bodi la Kale

Nawakumbuka, Mungu awarehemu. Sisi tulikuwa baharini, habari ilipotufikia hakuna aliyeongea mezani. Lakini lile ni zoezi la wafanyakazi, la kushusha na kupandisha boti. Abiria hapandishwi botini kwenye zoezi lake. Anafika kituoni, anahesabiwa, anaonyeshwa jaketi, basi. Hayo mawili tusiyachanganye.

Hesabu Kali

Nina la kumuuliza Bodi la Kale. Ungepewa uamuzi, ungerudisha paredi kama ilivyokuwa?

Bodi la Kale

Kama ilivyokuwa, hapana. Ile kuhubiri kwa kipaza sauti kibovu ife na kuzikwa, Chaki na Ubao kasema kweli. Mambo ya jaketi na honi video inayafundisha vizuri kuliko mimi nilivyokuwa nayafundisha, mimi ambaye nilikuwa nayasema kwa mara ya mia mbili na akili yangu iko kwenye meza za chakula cha jioni.

Ningerudisha mwendo. Honi ilie, watu watoke walipo waje kituoni kwa pamoja, wahesabiwe, waondoke. Hotuba isiwepo hata kidogo. Meli ijue leo imetumia dakika ngapi, na ngazi ipi imejaa. Kisha baa zifunguliwe, Asali apate kinywaji chake.

Na ningeongeza kitu ambacho hata zamani hakikuwepo: kukaa. Machi 2019 Viking Sky ilizimikiwa na injini kwenye bahari iliyochafuka, Hustadvika, Norway, ikawa inasukumwa kuelekea miambani. Ndani walikuwa watu 1,373. Boti zisingeweza kushushwa kwenye mawimbi yale, kwa hiyo mamia wakatolewa na helikopta, mmoja mmoja, usiku kucha. Waliobaki walikaa na majaketi shingoni kwa saa nyingi mno, na baadhi yao maji yaliwaingilia mle mle walimokusanyika. Meli ikafika bandarini kesho yake na hakuna aliyekufa. Dharura ya kweli mara nyingi ndivyo ilivyo, unafika halafu unangoja. Hakuna kwenda chooni, hakuna dawa ya presha, hakuna sweta. Nyie wote mnafundishwa kufika tu.

Sitaha ya Nane

Nimesoma yote mara mbili. Mzee, tupo tuliokwisha kata tiketi nyingine (ndiyo, mke wangu hasikii) na huko tuendako ni video tena. Nifanye nini mimi kama mimi?

Bodi la Kale

Dawa zako ziwe kwenye mfuko mdogo karibu na mlango, na viatu vya kufunga viwe chini ya kitanda, si ndala. Angalia jaketi lako liko wapi, maana kwenye meli nyingi kubwa za sasa yamewekwa kituoni na hakuna haja ya kurudi chumbani kulitafuta.

Halafu jioni ya kwanza, kabla ya chakula, toka chumbani na mkono umegusa ukuta. Hesabu milango mpaka kwenye ngazi. Usitumie lifti. Shuka mpaka kituoni, geuka, rudi. Kesho yake anzia mgahawani. Kesho kutwa anzia ukumbi wa maonyesho. Jua na ngazi ya pili, ile usiyoipenda. Sisi wa zamani tunasema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani (uzunguke nyuma na mbele ya chombo, mwisho utarudi ndani kule chini), lakini ngamani yenyewe lazima uwe unajua iliko.

Na siku ya kuskani kadi, usipite tu. Mtazame usoni yule binti, muulize jina. Ndiye utakayemtafuta.

Sitaha ya Nane

Nimemsomea mke wangu. Amesema safari hii atanifunga kitambaa machoni kabisa, na akiona nimefika kwenye mlango wa jiko tena ananiacha huko huko.

Bodi la Kale

Kitambaa koridoni tu, mkuu. Kwenye ngazi avue. Nimeshabeba watu wa kutosha.